Salamu Maria Kumi Kabla ya Kuzima

Babati,
12 Juni 1983

Mpendwa Mjomba Marcelino,

Kabla hujasoma zaidi, tafadhali angalia nani yuko karibu nawe. Ukiwa karakana, ikunje barua hii uisome nyumbani. Usimsomee mtu, hata akiwa ametoka huku kwetu, na ukimaliza ichome. Sijifanyi mtu muhimu. Naogopa tu. Siku hizi hapa mtu akionekana na betri mpya ya redio anaulizwa ameipata wapi, na jirani yetu mmoja amezika mabati yake ya kuezekea chini ya mahindi mpaka msako wa wahujumu uchumi upite.

Shikamoo Mjomba. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua wakati huu wa baridi, lakini bado anapalilia maharage yake shambani Singe, na ukimwambia apumzike anakuuliza utakula nini. Tunakula unga wa njano, na sabuni tunakata vipande vidogo kama vya chingamu. Mama anauliza utakuja lini na lile gari ulilosema ungerudi nalo. Mimi humjibu kwamba msimamizi wa karakana kubwa hapewi ruhusa kirahisi.

Jambo lenyewe ni hili. Mradi wetu wa zahanati umebakiwa na Landrova moja ya dizeli. Ndiyo inayovuka mlima wa Dareda kuwaleta wagonjwa kutoka vijiji vya upande wa pili. Injini haina nguvu. Ikiwa na mgonjwa, ndugu zake wawili na dawa, inafika katikati ya mlima inaanza kutetemeka, na watu wanateremka watembee. Mwezi uliopita aliteremka hata mgonjwa mwenyewe, mama mwenye ujauzito, akapanda kwa miguu huku gari likimfuata nyuma. Alipoteza mtoto. Dereva wetu Kasimiri aliporudi alikaa ndani ya gari mpaka wote tukaondoka ofisini.

Mkubwa wetu, Ndugu Elieshi, aliwahi kusikia kutoka kwa wazungu wa mradi kwamba kuna kifaa kinaitwa tabo kinachoipa injini pumzi. Juzi aliniita akafunga mlango. "Fabiola, wewe si una mjomba fundi huko Iringa? Mwulize. Lakini liwe jambo lako na mjomba wako. Mimi sijaandika wala sijasaini." Nikasema ndiyo, kwa sababu sikujua jinsi ya kusema hapana.

Kipo kifaa hicho, Mjomba? Na kinapatikana bila kuvunja sheria? Kama hakipatikani, nitashukuru vilevile, pengine zaidi.

Mpwa wako,
Fabiola


Mafinga,
9 Julai 1983

Mpwa wangu Fabiola,

Marahaba. Mimi mzima, kifua tu na baridi ya huku. Mwambie dada asipake mafuta ya taa kwenye magoti, namjua. Kazi ni nyingi, ndiyo maana sijaja.

Barua yako nimeichoma kama ulivyotaka. Imeniwashia jiko vizuri.

Tabo ipo. Nikueleze kwanza ni kitu gani, maana umesoma na hupendi kushika usichokijua. Ni feni mbili kwenye fimbo moja. Moshi unaotoka kwa nguvu kwenye injini unazungusha feni ya kwanza. Ya pili inakamata hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua yote badala ya kutoka moshi mweusi. Mlima wenu uko juu, hewa nyepesi, na injini yenu inapumua kama mtu aliyezibwa pua moja.

Sasa kuchagua. Watu wakisikia tabo wanataka kubwa, kama sufuria ya harusi. Ya lori ukiifunga kwenye Landrova italala mpaka mlima uishe, ndipo iamke. Mnataka ndogo, inayoamka mapema na kusukuma kidogo, kwa sababu injini ile haikuumbwa kwa ajili ya tabo na ukiisukuma sana itapasua gasketi. Ninayo moja iliyotoka kwenye injini ndogo ya jenereta. Nimeifungua, nimeisafisha, fimbo haichezi. Nimechonga na kipande cha chuma cha kuiunganisha. Usiniulize imetoka wapi. Ni halali, na hilo linatosha.

Nakutumia kwa dereva wa lori la viazi. Iko katikati ya gunia. Fundi wenu afanye hivi: oili iingie tabo kutoka injini kwa bomba jembamba, na irudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa bomba nene linaloteremka moja kwa moja, bila kona ya kupanda. Pampu ya dizeli asiiguse. Atashawishika kuongeza. Asiongeze.

Na hili umwambie dereva, yeye mwenyewe. Tabo inazunguka haraka kuliko kitu chochote ulichowahi kuona, na kinachoikinga ni oili ya injini tu. Ukizima injini, oili inasimama lakini tabo bado inazunguka, nayo ina moto kama jiko. Akimaliza mlima asizime mara moja. Aache injini ingurume taratibu muda wa kusali Salamu Maria kumi, bila haraka. Ndipo azime.

Mjomba wako,
Marcelino


Babati,
28 Agosti 1983

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Viazi alivifurahia sana, na hakuuliza kwa nini gunia lilikuwa limeshonwa upya. Mvua hakuna, na upepo wa mlima Kwaraa unajaza vumbi hadi kwenye uji.

Imefungwa. Fundi Herieli alifanya kazi nyuma ya ofisi, turubai likiwa limefunikwa juu ya boneti, na kila askari alipopita barabarani mimi nilishika ufagio nikafagia uwanja. Herieli alinung'unika kuhusu bomba la kurudisha oili, akasema kona moja haidhuru. Nikamsomea maneno yako. Akasema, "Mjomba wako ana domo hata kwenye karatasi," lakini alilinyoosha. Pampu ya dizeli hakuigusa.

Mjomba, ningependa ungekuwepo. Kasimiri alipanda mlima na wagonjwa wawili na ndugu zao, hakuna aliyeteremka. Anasema katikati, pale inapotetemeka siku zote, alisikia mluzi mwembamba chini ya boneti, kisha gari likamsukuma mgongoni kama mtu anayesema twende. Aliporudi alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Dada Fabiola, sasa sitamtembeza mtu tena." Tangu siku hiyo haongei habari nyingine. Hata kanisani anawaeleza watu habari ya mluzi, na mimi namkonyeza anyamaze.

Ndugu Elieshi amefurahi, ila hajasema neno.

Dizeli ni ya kupigania. Pipa likija linagawanywa kwa idara zote, na sisi ni wa mwisho. Kasimiri ndiye anayetuokoa. Mei Mosi alipewa shuka na kikombe kwa kuwa dereva anayebana dizeli kuliko wote. Tuna tangazo ukutani nililolipiga taipu mimi, Ndugu Elieshi akasaini: ni marufuku kuacha injini ikinguruma gari likiwa limesimama. Yeye hulifuata kama amri ya kanisa.

Asante sana, Mjomba. Naomba barua zako zifupishe habari ya kifaa. Karani wa posta hapa anapenda kuinua bahasha kwenye mwanga wa dirisha.

Mpwa wako,
Fabiola


Mafinga,
20 Septemba 1983

Fabiola,

Marahaba. Hatujambo. Msalimie dada.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja. Umeniandikia viazi, vumbi, shuka na kikombe. Hujaniandikia kama umemwambia dereva habari ya Salamu Maria kumi. Badala yake umeniandikia tangazo.

Umemwambia?

Marcelino


Babati,
30 Oktoba 1983

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika jana tu, imelowa pembeni. Mama hajambo, ila ameanza kuuza kuku wake, jambo ambalo si kawaida yake. Mtoto wa shangazi Antonia amepata kipaimara. Walichinja mbuzi, tukakaa mpaka jioni, na ilikuwa raha kuona watu wakicheka.

Kuhusu ulilouliza, nililifikisha. Nilikwenda kwa Ndugu Elieshi siku ileile Herieli alipomaliza, nikamweleza kwamba injini inatakiwa ingurume kidogo kabla ya kuzimwa. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. "Ingurume bure? Nchi haina dizeli, tangazo nimesaini mimi, halafu gari langu lisimame mbele ya watu likinguruma? Unataka niandikwe mhujumu? Na akiuliza mtu kwa nini linanguruma, utamjibu kwa sababu ya tabo? Tabo gani? Usimchanganye dereva. Nyamaza."

Mjomba, yeye ndiye mkubwa wangu. Nina mwaka mmoja tu kazini.

Gari linaendelea vizuri. Kasimiri anapanda, akifika juu kabisa anavuta kizimio cha injini, anaachia gari literemke upande wa pili kimyakimya mpaka tambarare, ndipo anawasha tena. Anasema kwa njia hiyo kila safari inambakizia dizeli ya kwenda kumchukua mgonjwa mwingine. Sijui kama hilo ni jambo baya. Labda upepo wa mteremko unaipoza.

Fabiola


Babati,
8 Desemba 1983

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua yangu ya Oktoba na sijui kama ulijibu. Mama anakusalimu. Hajui lolote la haya nitakayoandika, na tafadhali lisimfikie.

Gari limekufa mlimani siku ya Jumatatu.

Kasimiri alikuwa anapanda na mama mwenye uchungu na mkwewe. Anasema mluzi ulikuwa umebadilika tangu wiki iliyopita, ukawa kama mtu anayesaga meno. Karibu na kileleni gari lilianza kutoa moshi mweupe mzito, halafu injini ikaanza kunguruma yenyewe, ikipanda na kupanda, mguu wake ukiwa hauko kwenye mafuta. Alivuta kizimio. Haikuzima. Alivuta mpaka kikang'okea mkononi mwake. Haikuzima. Akawapigia kelele waruke, akatia gia ya juu, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote na kuachia klachi, na hapo ndipo ikasimama, kwa kishindo kilichosikika mashambani. Mama yule alijifungulia kando ya barabara, chini ya shuka la Mei Mosi la Kasimiri. Yeye na mtoto ni wazima. Nashukuru kwa hilo tu.

Herieli alipofungua sampu haikuwa na oili hata tone. Alisema kwa sauti ndogo, "Imekunywa oili yake yenyewe. Fimbo ya tabo imelika, oili ikavujia njia ya hewa, injini ikaiunguza kama dizeli. Ndiyo maana kizimio hakikusaidia." Ndugu Elieshi alikuwa amesimama pale. Aliangalia barabarani, halafu akamwambia Herieli aitoe tabo, arudishe bomba la zamani, na aende Magugu kwa ndugu zake mpaka mambo yatulie. Herieli akaenda. Mimi nikaambiwa, "Tabo haijawahi kuwepo. Ukiulizwa, hujui."

Polisi walipokuja walikuta injini iliyoungua na sampu tupu. Oili haipatikani mji mzima, na chupa moja ni mali. Wamesema Kasimiri aliiuza. Ndugu Elieshi hakusema kwamba si kweli. Kasimiri yuko rumande kwa shtaka la kuhujumu mali ya umma. Wenzake kwa makosa kama hayo wamefungwa miaka.

Tabo ilitupwa stoo nyuma ya vitanda vibovu. Jana mchana nilikwenda nayo nyumbani ndani ya kikapu, juu nimeweka mboga na khanga. Sijui kwa nini nimefanya hivyo. Ukiishika fimbo inacheza kama jino la mtoto.

Nikisema ilikuwepo, swali la kwanza litakuwa imetoka wapi. Naomba uniambie, Mjomba. Ulisema ni halali. Halali kwa namna gani? Nani alikupa?

Fabiola


Mafinga,
24 Novemba 1983

Fabiola mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya Oktoba imenifikia leo, imezungukia Mbeya.

Sikukuuliza kama umemwambia mkubwa. Mkubwa hashiki usukani. Yule anayezima gari kileleni na kuliachia literemke, ndiye anayeichoma tabo kila siku bila kujua, na anafanya hivyo kwa sababu ni dereva mwema. Upepo wa mteremko haupozi kitu. Ndani kunakosa oili pale ambapo moto ni mkali kuliko wakati wote.

Ukimaliza kusoma, inuka. Nenda kwake kwa miguu yako. Si lazima umweleze yote. Mwambie asizime kileleni. Mwambie asali. Na kama mluzi umebadilika au moshi umekuwa mweupe, asiliwashe tena hata kama mgonjwa ni mama yake.

Usiogope mtu anayecheka halafu anaacha kucheka. Wako wengi.

Marcelino


Babati,
20 Desemba 1983

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya Novemba imefika leo, wiki mbili baada ya gari kufa. Nimeinuka kama ulivyosema, kisha nikakumbuka hakuna mahali pa kwenda.

Bado nangoja jibu la ile nyingine.

Noeli njema.

Fabiola


Mafinga,
2 Januari 1984

Fabiola,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa dada.

Kitupe hicho kikapu ziwani, mahali penye viboko, pasipokwenda mtu. Umwombee dereva. Mahakama itaona yenyewe kwamba hana hatia.

Mimi usinitaje. Nina sababu zangu na si za kuandikwa. Kazi ni nyingi, siwezi kusafiri.

M.


Babati,
15 Januari 1984

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri. Mvua imekuja kwa fujo, na mahindi ya Singe yamesimama.

Sikukitupa. Nilikwenda mpaka ziwani. Nilisimama kwenye matete na kikapu kichwani, na wanawake waliokuwa wanafua wakaniuliza kama nimekuja kufua au kuuza. Nikasema kufua. Nikafua khanga, nikarudi.

Mke wa Kasimiri, Domitila, alikuja ofisini Jumatano na mtoto wao Leonsi mgongoni. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alisema mbele ya watu wote, "Wewe ndiye msichana uliyesoma? Baba Leonsi anasema gari lilikuwa na kitu kinapiga mluzi. Askari wanamcheka. Wanamwambia, gari lilipiga mluzi, au wewe ulikuwa unamwita mteja wa oili? Basi niambie wewe. Kilikuwepo hakikuwepo?"

Ndugu Elieshi alitoka chumbani kwake. "Mama Leonsi, ofisi haina habari ya mluzi."

"Sikukuuliza wewe, Ndugu. Nimemwuliza yeye."

Mimi niliangalia mashine ya taipu. Domitila akangoja. Alingoja mpaka mtoto akaanza kulia, ndipo akasema, "Haya. Kumbe kusoma ni hivi," akatoka.

Jumamosi nilikwenda kumwona Kasimiri. Nilimpelekea ugali na mlenda. Amekonda. Kitu cha kwanza aliniuliza ni kama mtoto wa mlimani anaendelea. Kisha akasema, "Dada, nimewaza kila siku nilikosea wapi. Sikuliacha gari lingurume hata mara moja. Nilizima palepale, kama tangazo linavyosema." Alisema hivyo kama mtu anayetaka asifiwe kidogo, Mjomba. Sikuvumilia. Nikamweleza palepale yale uliyoandika, Salamu Maria kumi kabla ya kuzima. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Kumi tu? Ningesali rozari nzima."

Shauri lake ni tarehe 20 Februari, hapa Babati. Nitasema. Naogopa, lakini nitasema tabo ilikuwepo na nitaweka kikapu mezani. Jina lako sitalitaja kama hutaki. Lakini wataniuliza imetoka wapi, na nikinyamaza watasema nimeiiba mimi au yeye, na wataacha kusikiliza mengine. Pia mimi si fundi. Nikiwaambia injini ilikunywa oili yake watacheka kama walivyomcheka Kasimiri. Herieli nimemtumia ujumbe Magugu, hajajibu.

Siulizi tena kwa hasira. Niambie tu unaogopa nini, maana kuogopa nakujua.

Mpwa wako,
Fabiola


Mafinga,
29 Januari 1984

Mwanangu Fabiola,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako imeletwa na dereva wa viazi mkononi, ndiyo maana imewahi.

Mimi si msimamizi wa karakana. Hakuna karakana. Ilifungwa mwezi Mei, kabla hujaniandikia barua ya kwanza, kwa kukosa vipuri. Siku ya mwisho hawakuwa na cha kutulipa, meneja akafungua stoo mbele ya mkutano wa wafanyakazi, akasema kila mtu achague kitu kimoja badala ya kiinua mgongo. Wenzangu walichukua misumeno na mabomba. Mimi nilichukua tabo. Ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote mle ndani. Nilidhani siku moja nitaifunga kwenye gari langu, lile nililomwahidi dada.

Tangu wakati huo natengeneza majiko ya mkaa kwa mabati ya madebe. Natembeza sokoni kwa baiskeli ya kuazima. Wewe ukaniandikia, "msimamizi wa karakana kubwa." Nilisoma maneno hayo nimekaa juu ya debe.

Basi ndiyo hiyo halali yangu. Walioniona nikikabidhiwa ni mkutano mzima wa wafanyakazi. Sikuogopa polisi. Niliogopa dada Genoveva ajue, na watu wa Singe waniangalie nikishuka kwenye lori na kifurushi kimoja. Kwa hilo nilikuwa tayari mtu akae gerezani. Nimeliandika ili nilione.

Nitakuja. Kufungua tabo mbele ya hakimu na kumwonyesha oili ilipopita si kazi ya barua. Nitaleta spana zangu, hizo hawajaninyang'anya. Niambie nifikie wapi, maana sidhani kama ofisi yako bado ni mahali pa kukuulizia.

Mjomba wako,
Marcelino


Babati,
8 Februari 1984

Mpendwa Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa viazi mkononi, nawe usiichome. Kwenye vizuizi vya njiani wakikuuliza unakwenda wapi na spana, watolee waisome.

Mama nimemweleza yote, majiko pamoja nayo. Aliendelea kuchambua maharage, halafu akasema, "Sasa kwa nini hajaniletea jiko?" Basi usije mikono mitupu.

Nimeandikisha maelezo yangu kwa mwendesha mashtaka. Nimesema kuhusu tabo, tangazo, na niliyoambiwa nimnyamazie dereva. Kesho yake nilipewa barua ya kusimamishwa kazi, na mashine yangu ya taipu ikafunikwa nikiwa nimekaa mbele yake. Ndugu Elieshi alikuja nyumbani akimwomba mama kikapu kwa upole, na siku ya pili bila upole. Kwa hiyo nimehama. Nalala Mutuka kwa Domitila. Mara ya kwanza nilipopiga hodi alinifungulia, akaniachia nisimame mlangoni muda mrefu, kisha akanipa Leonsi nimshike. Bado haniiti jina.

Herieli amejibu. Anasema akikuona wewe umekuja, na yeye atakuja. Anasema pia hawezi kukuachia useme peke yako, maana utamlaumu kwa ile kona ya bomba.

Sijui tutashinda. Hakimu anaweza kutufunga mimi, wewe na Herieli pamoja na Kasimiri. Naamka nikiwaza hivyo, nachota maji nikiwaza hivyo.

Sasa nisikilize jinsi ya kunifikia. Panda lori la viazi linalopita Dodoma na Kondoa, si la Jumapili, maana siku hiyo magari yanazuiwa kubana mafuta, msije mkasimamishwa njiani. Usiniandikie tena kwa sanduku la ofisi, haitanifikia. Ukishuka Babati usiulize kwa Fabiola karani, hayupo. Uliza nyumba ya Kasimiri dereva, Mutuka, yule aliyepewa shuka. Kila mtu atakuonyesha, hata wanaomcheka. Ukikuta mlango umefungwa tuko shambani nyuma ya nyumba, ita kwa sauti.

Na kama lori litachelewa, ukafika tarehe 20 yenyewe, usije huko kabisa. Njoo moja kwa moja mahakamani na vumbi lako. Nitakuwa kwenye benchi la nje, karibu na mlango, nimevaa gauni la bluu la kazini. Kikapu kitakuwa mapajani. Khanga nimeshaiondoa juu yake. Utaiona tabo yako kutoka barabarani.

Mpwa wako,
Fabiola